Kanga Hawakuozea Kwenye Kamba

Feza, mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima, maana nakusikia hapo uwanjani ukicheka na wenzako, na shangazi yako Mwamini anakukaripia kwamba bibi arusi hacheki hivyo. Niko ndani, kwenye meza ya baba yako, na mlango nimeuegesha. Nimewaambia natafuta vitenge vya kukufungia. Vitenge nilikwisha kuvifunga tangu asubuhi. Kesho pikipiki zitakuja kukuchukua kwenda Kabambare, na kabla hazijafika nataka barua hii iwe ndani ya mfuko wako, chini kabisa, mahali ambapo shangazi yako hatatia mkono.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala za chumvi, wala za namna ya kumwitikia mama mkwe. Hayo utaambiwa kesho na wanawake wote wa Lusangi, kila mmoja kwa zamu yake, nawe utaitika "ndiyo mama, ndiyo mama" mpaka shingo ikuume. Mimi nataka kukuandikia juu ya kanga.

Juzi shangazi yako alirudi kutoka Kabambare na ujumbe wa wakwe zako. Wewe alikupa nusu yake: kwamba siku ya kufika, kama ilivyo desturi ya familia ile, mama mkwe atakukabidhi kanga wa porini na utampika mbele ya wanawake wote, waone mkono waliouoa. Nusu nyingine alinipa mimi jikoni, akiwa amesimama mlangoni kama mtu anayetaka kukimbia.

"Mama Feza, weye usikasirike. Wale watu wako na woga. Walisikia ile habari ya matanga. Sasa wanataka mutoto aseme mbele ya wamama wote: ile tabia ya mama yangu ya kutundika nyama mpaka inaoza, nimeiacha Lusangi. Aseme tu mara moja, iishe."

"Na weye uliwajibu nini?"

"Niliwajibu atasema. Ningejibu nini ingine? Ni mutoto wetu, tunataka akae muzuri kule."

Kwa hiyo ujue kwamba mtakapopumzika njiani, shangazi yako atakufundisha sentensi ya kusema. Mimi sitaki uiseme. Neno hilo naliandika hapa mapema ili usilitafute mwisho wa barua. Lakini siwezi kukulazimisha, maana mimi mwenyewe, nilipokuwa nimesimama mahali utakaposimama wewe, niliisema. Habari ile umeisikia tangu utotoni, na umesikia nusu tu. Leo nakupa yote.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, mwaka wa tatu shuleni Kasongo, kwa masista. Jumamosi tulikuwa na somo la jikoni. Aliyetufundisha alikuwa sista mmoja mzee, mwanamke wa huku huku kwetu, mfupi, mwenye mikono minene kama ya wapiga kasia wa Nyangwe. Siku moja wategaji walimletea kwale sita na kanga wawili. Sisi wasichana tukakimbilia kuchemsha maji, kwa sababu nyumbani kwetu sote ndivyo tulivyoona: ndege akifika, maji ya moto, manyoya chini, tumbo wazi, sufuria. Sista akachukua kikombe cha maji akazima moto wetu.

"Mbio ya nini?" akatuuliza. "Iko natoroka? Imekwisha kufa hii. Muiache ipumzike."

Tukacheka. Mmoja wetu akasema, "Sista, itanuka!"

"Hata weye, tukikufungia ndani ya gunia na homa yako, utanuka. Tukikulaza kwa upepo, utapona. Njoo ushike hapa."

Akatushikisha wote, mmoja mmoja, chini ya bawa la kanga. Kulikuwa na joto. Ndege yule alikuwa amekufa tangu alfajiri, na chini ya bawa bado alikuwa na joto kama mtoto mgonjwa. Sista akatuambia kwamba hilo ndilo la kwanza kujua: ndege akifa, joto lake halifi naye saa ile ile, na kazi yetu ni kulitafutia njia ya kutoka.

Akawafunga kwa shingo kwenye kamba iliyopita chini ya paa la baraza ya jikoni, upande usiofika jua na unaopita upepo. Kati ya ndege na ndege aliacha nafasi ya kupitisha mkono. Hakung'oa nyoya hata moja, hakuwalowesha. Kwale mmoja alikuwa na jeraha tumboni. Huyo hakumtundika kabisa, alimpasua pale pale, akatupa matumbo, akampeleka motoni. Akatukataza kutundika wakati wa mvua, kwa sababu usiku wa mvua nao una joto na hewa yake imelowa. Ni kiangazi tu, na ni usiku mmoja tu, tangu jua lishuke mpaka kabla halijapanda. Asubuhi unavuta nyoya la mkia. Likikataa, ngoja kidogo. Likitoka kwa kuvutwa, nyonyoa. Likitoka lenyewe, na ngozi chini yake imekuwa ya kijani, tupa, hata kama mgeni amekaa mezani.

Hata kama mgeni amekaa mezani. Niliyaandika maneno hayo kwenye kaye yangu, daftari la shule, na kuyapigia mstari kwa wino mwekundu. Nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo, Feza. Nilifikiri jambo likishaandikwa vizuri na kupigiwa mstari, limekuwa langu.

Jumapili tulikula. Nyama ya kanga mzee, ambayo nyumbani tuliivuta kwa meno mpaka machozi yakatutoka, ilikatika kwa kidole. Na ilikuwa na ladha ya kitu, sijui niseme nini, ya majani makavu na karanga alizozichokora mashambani mwa watu. Niliamua siku ile kwamba nitakapokuwa na jiko langu, nitapika hivyo.

Nilipoolewa hapa Lusangi nilikuja na kamba yangu. Bibi yako, mama wa baba yako, aliitazama akauliza kama masista hawakunifundisha kuanika nguo kwenye majani kama watu wengine. Lakini baada ya kwale wa kwanza alikuwa upande wangu. Meno yake yalikuwa yamebaki matano. Alikula paja zima, akajifuta mdomo, akasema, "Huyu mukwe anajua kama niko kwenye dunia." Tangu siku hiyo, kiangazi kikifika, yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza, "Leo kamba iko na watu?"

Sasa nifike kwenye matanga.

Babu yako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Alikuwa mtega kanga maisha yake yote, na kwa sababu hiyo baba yako, mtoto wa kwanza, alisimama mbele ya wazee akaahidi kwamba siku ya kufunga matanga watakula kanga kumi na wawili. Angeweza kuahidi mbuzi, na hakuna ambaye angelalamika. Akaahidi kanga.

Akaenda kwa baiskeli mpaka kwa wategaji wa upande wa Kabambare. Alipata kumi na wawili kamili, waliochinjwa asubuhi ile ile. Lakini siku zile njiani kulikuwa na kizuizi, mti uliolazwa barabarani, na wenye kukaa hapo walikuwa na desturi yao: anayepita na nyama ya pori anawaachia moja, siku nyingine mbili. Baba yako aliahidi kumi na wawili na alikuwa na kumi na wawili. Kwa hiyo aliwashindilia wote ndani ya gunia la plastiki, wangali na joto lao, akamwaga mpunga juu, akashona mdomo wa gunia, akafika kizuizini akisema amebeba mpunga wa matanga. Wakamwondolea mti. Akaendesha kutwa nzima kwenye jua la mwezi wa nane na gunia lile nyuma yake, akiimba, nafikiri, kwa kuwa amewashinda ujanja.

Alifika jua likishuka. Nilipokata uzi wa gunia, joto lilinipiga usoni kama vile nimefunua sufuria.

"Baba Feza, hawa wamekuwa humu toka saa ngapi?"

"Toka asubuhi. Weye tundika tu. Si ndiyo kazi yako?"

Nikatundika. Asubuhi nilivuta nyoya la mkia wa kanga wa kwanza, likatoka lenyewe. La pili likatoka lenyewe. Kwa watano ngozi ilikuwa ya kijani. Saba walionekana kama wa kawaida, na hao nao sasa nisingewaamini. Nikamwita baba yako.

"Hawa watano tuwatupe."

"Nimeahidi kumi na wawili."

"Wananuka, Baba Feza."

"Tia pilipili. Tia mawese mingi. Wazee wamekwisha kukaa."

Nikatia pilipili. Nikatia mawese.

Hapa ndipo kosa langu linapoanza, na silitupi kwa baba yako. Mkono ulioshika mwiko ulikuwa wangu. Kati ya watu wote waliokuwa Lusangi asubuhi ile, aliyejua vizuri kuliko wote maana ya ngozi ya kijani nilikuwa mimi. Nimejitafutia sababu miaka mingi: nilikuwa kijana, wazee walikuwa wamekaa, ilikuwa heshima ya mume wangu. Zote ni za kweli na hakuna hata moja inayonifaa. Nilijua, na nikapika.

Jua halijatua, nusu ya matanga ilikuwa vichakani. Watu waligombania vichaka, Feza, wazee wenye fimbo zao. Leo wanaosimulia wanacheka wakifika hapo. Mimi sicheki, kwa sababu bibi yako, mwenye meno matano, alikuwa amekula kuliko wote. Alikula kwa kuniamini. Alilala siku sita hawezi kusimama, na siku mbili katika hizo tulifikiri tutaanza matanga mengine. Alipona. Lakini hakula tena kitu chochote kutoka mkononi mwangu, mpaka alipofariki miaka mitatu baadaye. Nilikuwa nampelekea sahani, ananishukuru kwa adabu, kisha anampa mbwa. Majina niliyopewa sokoni hayaniumi. Ile sahani inaniuma.

Watu walipopata nguvu, familia ikakaa. Shangazi yako ndiye aliyeanza.

"Tusizunguke. Ni ile kamba. Nani mwingine hapa Lusangi anafunga nyama kwa shingo usiku muzima kama vile anainyonga? Ni huyu na masista yake."

Watu wote wakanitazama. Mimi nikamtazama baba yako. Yeye akatazama miguu yake. Nikangoja. Nilisikia kuku wakichokora nyuma ya nyumba, kwa muda mrefu, na baba yako hakuinua kichwa. Nikafikiri: akitaja gunia ataaibika mbele ya wadogo zake, na baba yake bado hajapoa kaburini. Nikafikiri: mimi ni mgeni hapa, mzigo huu naweza kuubeba, watasahau. Nikapiga magoti nikasema, "Ni mimi. Ni kutundika. Sitatundika tena."

Wakanisamehe upesi sana. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Mpaka leo mtu akinisamehe upesi hivyo, naanza kujiuliza tumeficha nini.

Angalia vizuri nilichosema, maana ndicho wanachotaka ukiseme wewe. Kama ningesema, "Ni mimi, nilipika nyama niliyojua ni mbaya," lingekuwa neno la kweli na la aibu, na ningelala. Sikusema hivyo. Nilisema ni kutundika. Kiangazi kilichofuata, jirani wetu mmoja alifanya kama baba yako: gunia la plastiki, kwale ndani, mpunga juu, kizuizi. Hakutundika, hapana, alikuwa amesikia kwamba kutundika kunaua. Alipofika tu nyumbani alichemsha maji, akanyonyoa, akapika mbio mbio, akilisha watoto wake kwa moyo mweupe. Msichana wake mdogo aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Walimpeleka hospitali Kasongo, amelazwa juu ya baiskeli, na Mungu akamrudisha. Unamfahamu. Yuko hapo uwanjani sasa hivi, anakusuka nywele.

Lusangi nzima ilikuwa imejifunza kuogopa kamba. Hakuna aliyejifunza kuogopa gunia, kwa sababu mimi na baba yako tulilificha. Nilikuwa nimepiga magoti kwa ajili ya amani ya nyumba yangu, na mtoto wa mtu akakaribia kulipia.

Na bado sikusema. Ningeweza kwenda kwa mama yake siku ile ile. Nilienda, nikampelekea uji, nikakaa, nikarudi na neno langu mdomoni.

Sokoni nikawa Mama Kinuka. Unakumbuka mama aliyekuwa anauza samaki wa Nyangwe, yule mwenye sauti ya kengele? Ulikuwa na miaka tisa, umenishika kitenge. Akapiga kelele, "Jameni, mufunike samaki! Mama Kinuka anapita, isije ikaambukizwa!" Soko likacheka, na mimi nikacheka nalo, kama nilivyozoea. Wewe hukucheka. Ulisimama ukamwambia, "Mama, samaki yako ndiyo iko na nzi. Mama yangu hana nzi." Nikakupiga kofi la mdomo mbele ya watu wote.

Ulikuwa mtu wa kwanza kunitetea tangu matanga yale, na nilikulipa kofi. Leo naliombea msamaha kofi lile. Usinisamehe upesi.

Miaka minane nilipika ndege kwa maji ya moto kama watu wote. Baba yako alitafuna bila kusema kitu, mishipa imemtoka shingoni. Halafu, ulipokuwa na miaka kumi na miwili, ulitega kwale wawili pembeni mwa shamba letu la karanga. Ulifika nao jioni, na wenzako wakakuita barabarani kwamba mwimbishaji amekwisha kufika kanisani. Ukawafunga kwale wako kwa kipande cha kitenge, ukawaning'iniza kwenye msumari nyuma ya jiko, ukakimbia kwenda kuimba. Ukarudi, ukala, ukalala, ukawasahau.

Niliwaona asubuhi. Kulikuwa na ubaridi, nyasi zimelowa umande, na wale kwale wametulia kwenye upepo, mmoja huku mmoja huku, kama vile Sista amewapima mwenyewe. Nikatazama nyuma yangu kama mwizi. Nilivuta nyoya la mkia. Likatoka kwa kuvutwa, ngozi nyeupe, safi. Nikawapika bila kumwambia mtu.

Baba yako alikula. Alifyonza mifupa ya shingo. Akaiweka chini, akaichukua tena, akaifyonza mara ya pili.

"Hawa kwale umenunua wapi?"

"Ni ya Feza."

"Umwambie atege ingine."

Wewe ulicheka kwa furaha, ukafikiri anasifu mtego wako. Hukuona tulivyotazamana. Alijua anachokula, na mimi nilijua kwamba anajua, na wote wawili tukaendelea kumega bugali kama watu wasio na neno.

Tangu siku ile kamba ilirudi. Lakini niliirudisha wapi? Nyuma ya jiko, na mbele yake nikaegesha mkeka. Nilikufundisha yote: kushika chini ya bawa, kuacha nafasi ya mkono, kumpasua mara moja aliyejeruhiwa tumboni, kutotundika siku za mvua. Una mkono mzuri kuliko wangu. Wewe unajua kwa kunusa mahali ambapo mimi bado navuta nyoya. Na kila mara mgeni alipopiga hodi, nilikuambia, "Vuta mkeka." Nilikufundisha kazi yangu, na pamoja nayo nikakufundisha kuificha. Umekua ukifikiri tuna kitu cha kuficha. Hatuna. Leo asubuhi nimeuondoa mkeka ule nikautandika uani, shangazi yako ameukalia tangu saa nne na hajui ni mkeka gani.

Saa sita nilimfuata baba yako. Alikuwa chini ya paa, anasuka tenga la kuku utakaoondoka nao.

"Mutoto anaenda kuapa uongo wako," nikamwambia.

"Wangu? Ni weye ulisema."

"Nilisema. Na weye ulinyamaza. Sasa chagua: useme weye, ao niandike mimi."

"Mambo ya zamani hii, Mama Feza. Watu wamesahau."

"Wangesahau, wangetuma ujumbe?"

Akasuka kidogo, akafumua, akasuka tena.

"Na Mwamini atasema nini?"

"Atasema sana. Hiyo tunajua wote."

Alitaka kucheka, akajizuia. Akarudi kwenye tenga lake. Nikaja ndani, nikakaa kwenye meza yake, nikachukua kalamu yake, nikaanza kukuandikia.

Nimekatishwa hapa. Nilikuwa nataka kukuambia jambo jingine, lakini baba yako ameingia. Alisimama nyuma yangu, ana kipande cha mwanzi mkononi.

"Umefika wapi?"

"Nimepita kwenye gunia."

"Soma."

Nikamsomea, tangu kizuizini, kupita kwenye magoti, mpaka mahali nilipokuwa nimefika. Nilisoma kama tulivyofundishwa shuleni, bila kuruka neno, na sikumtazama. Nilipofika kwa msichana wa jirani alikaa chini. Nilipomaliza alinyamaza, nikafikiri ni unyamavu ule ule wa siku zote, na nikawa tayari kumkasirikia kwa miaka mingine kumi na sita. Kisha akasema, "Pale umeandika nafikiri. Toa nafikiri. Ni kweli nilikuwa naimba."

Sikuitoa. Nimeiacha, ili uone kwamba haya ameyasikia na ameyasahihisha.

Akatoka nje. Mlango haukufungwa, na nimeyasikia yote. Nakuandikia kama yalivyosemwa, maana wakati ule ulikuwa kisimani.

"Mwamini. Kesho weye utabaki. Mutoto nitamupeleka mimi."

"Yaya! Kaka yangu, baba ya bibi arusi anaenda kwa wakwe kufanya nini? Umeona wapi hiyo? Watasema umekuja kuhesabu vyombo."

"Waseme. Kuna neno nataka kuwaambia mbele hawajamupa ile kanga."

"Neno gani?"

"Utalisikia. Litafika Lusangi mbele yangu."

Shangazi yako yuko kimya sasa. Ni mara ya kwanza leo.

Feza, sijui kama atasema. Nimeishi naye miaka ishirini na mmoja na najua kwamba anaamka na moyo mmoja na kufika na mwingine. Kutoka hapa mpaka Kabambare kuna njia ndefu, na mtu aliyekaa nyuma ya pikipiki hana kazi nyingine isipokuwa kufikiri. Akisema, usimtazame kwa huruma. Mpe maji anywe. Kisha mpokee kanga wao kwa mikono miwili, na kabla hujashika kisu, uliza mbele ya wanawake wote: huyu amekufa saa ngapi, na alibebwa ndani ya nini? Kama ni wa asubuhi ile, na alibebwa kwenye hewa, na wao wanamtaka saa ile ile, mpike saa ile ile. Nyama ngumu si dhambi, na meno ni yao. Kama alikuwa gunini, mwambie mama mkwe kwa adabu yote kwamba huyu hutampika, hata kama wageni wamekaa.

Na baba yako akinyamaza, na wewe ukaona wanawake wanangoja sentensi yao, toa barua hii. Isome kwa sauti, kuanzia mahali nilipoandika "Sasa nifike kwenye matanga." Isome polepole kama unavyosoma kanisani siku ya zamu yako. Usiruke mahali nilipotia pilipili. Hapo ndipo watajua kwamba sijakutuma kujisafisha. Usiruke sahani ya bibi yako. Mtu akikukatiza, anza tena tangu mwanzo wa sentensi. Kama watachukia, watachukia jambo la kweli, na mimi nipo hapa, waje waniulize mimi. Kama watakurudisha, rudi bila kuinamisha kichwa, utakuta nimekupikia.

Lakini mimi naona hawatakurudisha. Kabambare nako kuna magunia, na kuna watoto, na kuna mama mmoja angalau katika wanawake wale ambaye aliwahi kuugua na hakuelewa kwa nini. Huyo ndiye umsomee.

Nakusikia umerudi na maji. Unaniita. Nakuja.

Mimi mama yako, Anzelani, niliyepika nyama niliyojua ni mbaya, na ambaye sikuiozesha kwenye kamba.